Kauli ya Mfiwa

Philister akiulizwa jambo asilotaka kulijibu, huosha vyombo. Ukimkuta kwenye sinki anasugua sufuria ambayo tayari inang'aa, ujue kuna mtu amemuuliza kitu. Jumapili ile ya Januari 2017, katika nyumba yake ya kupanga Brooklyn Park, Minnesota, aliisugua sufuria ya ugali mpaka mdogo wake Bravin akachoka kumtazama.

"Sista, hiyo imeisha. Kaa chini."

Akakaa, mikono bado inachuruzika maji.

Bravin alikuwa amekuja na bahasha kubwa ya kaki na uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Huyu ndiye kitinda mimba wa mama yao, umri miaka ishirini na minane, mabega mapana na sauti ya upole isiyolingana kabisa na mabega yale. Huu ulikuwa mwaka wa nne akipanga maboksi katika bohari moja kule Plymouth, kibarua cha wiki kwa wiki. Kila kazi ya maana aliyoomba ilifika mahali wakamuuliza: ulikuwa jeshini, uliachishwaje? Naye hana budi kuitoa ile karatasi. Ile karatasi ilisema kwamba aliachishwa bila heshima, kwa kosa la kutoroka kambini siku arobaini na tatu. Akishaitoa, simu hazirudi.

"Nimepata lawyer," akasema. "Anaitwa Susan. Ana-volunteer pale Saint Paul kusaidia watu waliotoka jeshi. Amesema hii kitu inaweza kubadilishwa. Kuna bodi. Unaomba, unajieleza, wakikuelewa wanakuandikia upya kwamba uliachishwa kwa heshima."

"Mungu ni mwema," akasema Philister, na alimaanisha. Alijua uzito wa jambo hilo. Bravin alipata uraia wake kupitia jeshi, na Susan alikuwa amemwonya kwamba kwa karatasi ile, hata uraia wenyewe unaweza kuguswa; asithubutu kutoka nje ya nchi mpaka mambo yanyooke. Maana yake ni kwamba Bravin hajawahi kuliona kaburi la mama yake, na bila bodi hiyo huenda asilione.

"Lakini anataka ushahidi," Bravin akaendelea. "Anasema wale watu watauliza: mtu mzima anatorokaje jeshi kwa sababu ya matanga yaliyopita? Kwa nini hakuambiwa mapema, akaomba ruhusa kama wengine? Nani alijua, nani aliamua, na kwa nini? Anataka barua ya kiapo kutoka kwa mtu aliyekuwa kwenye kile kikao." Akavuta pumzi. "So nimeamua kwenda kwa Mzee Elkanah. Nitamwomba aandike. Nataka twende na wewe."

Philister akainuka, akarudi kwenye sinki.

Tuelewane kwanza kuhusu Mzee Elkanah. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya watu wa Nyamira walioko Minnesota, na kazi hiyo ameifanya kwa muda mrefu kuliko kazi yoyote aliyolipwa. Mtu wenu akifariki, huku au nyumbani, ndiye huitisha kikao, ndiye hutafuta pasta, ndiye huhakikisha mfiwa amekula. Kwa miaka minne Bravin hakumpa mkono. Jumamosi, siku ya Sabato, wakikutana kwenye maegesho ya kanisa, kijana alikata kona nyuma ya magari kama aliyesahau kitu. Kila mtu aliona. Mzee naye aliona, akawa anatikisa kichwa kuitikia salamu ambayo hakupewa, na kwenda zake. Bravin aliamini kwamba Mzee Elkanah ndiye aliyeamuru afichwe kifo cha mama yake. Aliamini hivyo kwa sababu ndivyo alivyoambiwa, na aliyemwambia ni Philister.

Mama yao alifariki Februari 2013 katika hospitali moja ya Kisii, baada ya kuugua wiki mbili. Wakati huo Philister alikuwa ametimiza miaka tisa Marekani, na hakuwa na karatasi za kumruhusu kutoka na kurudi. Kesi yake ilikuwa mezani kwa watu wa uhamiaji, na kila mwaka aliambiwa angoje. Bravin alikuwa na miaka miwili tu nchini na tayari alikuwa na kila kitu. Alishinda bahati nasibu ya green card mara ya kwanza alipojaribu, na fomu yenyewe alijaziwa na dada yake, mezani kwake, kwa kompyuta yake, baada ya shifti mbili mfululizo. Akaja. Akajiunga na jeshi. Akamaliza mafunzo ya kwanza na kuapishwa kuwa raia akiwa amevaa sare. Mama alipoanza kuugua, alikuwa kwenye mafunzo ya pili katika kambi moja ya mbali kule kusini, amebakiza wiki nane.

Kabla hajaondoka, alimwachia dada yake kipande cha karatasi. "Kitu chochote kikitokea nyumbani, usinipigie mimi. Piga hii namba ya Red Cross. Wao watawaambia wakubwa wangu, na wakubwa watanipa ruhusa ya kwenda." Namba ilikuwepo, jina la kikosi lilikuwepo, kila kitu. Philister aliibandika kwenye friji.

Habari ya kifo ilimfikia Philister kama inavyowafikia watu wetu: watu tisa mlangoni asubuhi, pasta mbele, wanawake wenye leso nyuma, na hakuna hata mmoja anayetabasamu. Kwetu msiba hautangazwi kwa simu. Mtu huendewa, huketishwa, hushikwa, ndipo huambiwa. Na akiwa mbali, mahali pasipo na wa kumshika, hufichwa kwanza mpaka apatikane wa kumshika. Ni huruma hiyo, tusiibeze. Wako watu wazima ambao wangeacha usukani katikati ya barabara kuu kama wangeambiwa kwa simu. Lakini kambi ya jeshi haina mlango ambao watu tisa wanaweza kuubisha asubuhi.

Alasiri hiyohiyo kikao kilikaa sebuleni mwa Philister. Mzee Elkanah alizungumza mapema na bila kuzunguka. "Huyu kijana ni mwanajeshi, na wanajeshi wana njia yao. Hiyo namba ipigwe leo. Mimi na pasta tuko tayari ku-drive mpaka huko tumshike mkono." Watu wakaitikia. Jambo lilikuwa limekwisha.

Ndipo Philister akainua uso. "Hapana," akasema. "Amebakiza wiki sita. Mkimwambia ataacha, na Mama hakumlea aachie vitu njiani. Ataambiwa akimaliza. Mimi ndiye mkubwa, na mimi ndiye nimefiwa. Naomba mniheshimu."

Kauli ya mfiwa haipingwi. Unaweza kuikunjia uso, unaweza kwenda kuinong'ona kwenye gari, lakini mbele yake huipingi. Mzee Elkanah alimtazama kwa muda mrefu. "Basi iwe hivyo, Mama Stacy," akasema, akimwita kwa jina la binti yake kama watu wote wanavyomwita. Jioni Philister aliibandua ile karatasi kwenye friji, akaitia kwenye droo ya vijiko.

Bravin alipiga simu Jumapili mbili kati ya kifo na mazishi. "Mama anaendeleaje?"

"Ana nafuu. Wewe soma, usijisumbue."

Mara zote mbili alijibu hivyo, kwa sauti ileile anayotumia na wagonjwa.

Kijana alikuja kujua kwenye Facebook, siku tatu baada ya mazishi. Binamu mmoja, asiyejua lolote kuhusu vikao vya Minnesota, aliweka picha za jeneza na mashada. Bravin alitoka kambini siku hiyo kwa miguu, akapanda basi, akasafiri siku mbili, akabisha mlango wa dada yake akiwa na sare ndani ya begi. Hakulia. Aliuliza tu, "Nani aliamua nisiambiwe?"

"Kikao," akasema Philister. "Mzee Elkanah alisema usiambiwe."

Maneno yalitoka laini mpaka mwenyewe akashangaa. Alimwangushia Mzee wa watu jumba bovu hivi hivi, amesimama mlangoni, hata chai hajaiweka jikoni. Bravin akalala kwenye kochi ameelekea ukutani, na kila siku iliyopita kosa lake lilizidi kukua huko kambini, na kila siku Philister alitaka kumwambia rudi, nami nitakueleza ukweli, na kila siku alikosa uso wa kumwambia hilo la kwanza kwa kuwa lingeleta la pili. Akampikia. Siku ya arobaini na tatu Bravin alinyoa ndevu, akajipeleka mwenyewe. Jeshi likampa achague kesi au ile karatasi. Akaichukua karatasi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye sinki Jumapili ile.

Jumatano walikwenda Blaine, kwenye nyumba mpya ya Mzee Elkanah, theluji imerundikwa kando ya njia ya gari kufika kiunoni. Philister alikuwa amejaribu visingizio vitatu, vyote vya uongo, na Bravin akavipangua kimoja kimoja kwa upole. Mke wa Mzee aliwaletea chai na mandazi, kisha akawaacha. Bravin alinyoosha mkono. Mzee akaupokea kwa mikono miwili.

"Mzee," Bravin akaanza, "nimekukosea heshima miaka mingi. Lakini na wewe ulinikosea. Sikuja kuongea hayo leo. Nimekuja kuomba barua." Akamweleza yote: Susan, bodi, kile kikao.

Philister alitazama chai yake. Alisubiri paa limwangukie. Alihisi macho ya Mzee yamemtua kichwani, yakakaa, kisha yakaondoka.

"Barua nitaandika," akasema Mzee Elkanah. "Hapa wanasema ni ya kiapo?"

"Ndiyo, Mzee. Unasaini mbele ya mtu wa sheria."

"Nipe mpaka Jumatatu."

Bravin alifurahi waziwazi, kama mtu aliyetegemea kufukuzwa akakaribishwa chakula. Akatoka nje kwenda kupasha gari joto. Katika baridi ya Januari kazi hiyo huchukua dakika kumi, na Mzee alizitumia zote.

"Mama Stacy. Miaka minne nimebeba huu mzigo na sijakusumbua."

"Mzee, naomba—"

"Ngoja. Kijana alihitaji mtu wa kumkasirikia. Angekukasirikia wewe, huku ugenini angebaki na nani? Nikasema, acha iwe mimi. Nina watoto wangu, nina mke wangu, sitapungukiwa. Lakini nilibeba kwa kunyamaza. Kwa kiapo sibebi. Nikishika kalamu nitaandika kilichotokea: nani alisema namba ipigwe, na nani alikataa. Sitaki ayasome kwangu. Ayasome kwako kwanza. Una mpaka Jumatatu."

Philister alitaka kumshika miguu. Hakuweza hata kumtazama. Aibu aliyoisikia pale haikuwa ya kupatikana na kosa, maana Mzee alimpata tangu siku ya kwanza. Ilikuwa aibu ya kugundua kwamba mtu mwingine alikuwa amelipia miaka yote hiyo, Sabato kwa Sabato, kwenye maegesho, mbele ya watu. Aliaga, akaenda kuketi kwenye gari kando ya ndugu yake, ambaye njia nzima alisema, "Unajua, yule mzee si mbaya. Labda alidhani ananisaidia."

Barua ya kwanza aliiandika Alhamisi kazini, katika nyumba ya wazee anakouguza, wakati wa mapumziko. Aliandika kwamba mwaka ule mtandao wa simu ulikuwa mbovu. Alipoisoma aliona haya, akaichana vipande vidogo kabisa na kuvitupa katika mapipa mawili tofauti, kama jambazi.

Ya pili aliiandika Ijumaa, na hiyo ilikuwa nzuri. Ilieleza mila zetu: namna msiba usivyotangazwa kwa simu, namna mtu anavyoshikwa kabla ya kuambiwa. Ilieleza kikao, pasta, wanawake wenye leso. Hakuna neno la uongo hata moja ndani yake. Mzungu yeyote wa bodi angeisoma akitikisa kichwa, akasema kumbe, watu hawa wana utaratibu wao. Philister aliisoma mara nne, na kila mara alizidi kujichukia, kwa sababu alijua kwamba mila haikufanya lolote. Mila ilikuwa tayari kuingia kwenye gari na pasta na kuendesha mpaka kusini. Yeye ndiye aliyeizuia mlangoni.

Siku ya Sabato hakwenda kanisani. Alimpeleka binti yake kwa jirani, akaketi mezani, akaandika kama anavyoandika ripoti mgonjwa akianguka: tarehe, saa, nani alikuwepo, nani alifanya nini. Aliandika kwamba namba ya Red Cross ilikuwepo. Kwamba mwenyekiti alitaka ipigwe. Kwamba yeye, Philister, alikataa, na wote wakamtii kwa sababu ndivyo mfiwa anavyoheshimiwa. Kwamba baadaye alimdanganya ndugu yake kuhusu aliyeamua. Yote hayo yalitoka bila taabu kubwa. Kisha akafika kwenye neno la Susan, lile "kwa nini", na hapo kalamu ikagoma.

Kwa nini? Zile wiki sita za mafunzo? Hata siku ile mwenyewe hakuziamini. Ukweli ni kwamba asubuhi ile, pasta akiwa bado anaomba, Philister alikwisha kuyaona mazishi yote. Alijiona yeye, kifungua mimba, aliyetuma kila alichopata kwa miaka tisa, ameketi Brooklyn Park akitazama mama yake akishushwa kaburini kwenye DVD, wiki tatu baada ya kila mtu. Na alimwona Bravin amesimama ukingoni mwa kaburi akiwa na sare, uraia mfukoni, udongo mkononi, na wanawake wa kijijini wakisema, huyo ndiye mtoto, ametoka Amerika kuja kumzika mama yake. Bravin, ambaye fomu yake aliijaza yeye. Ulikuwa wivu, si kitu kingine. Alisema moyoni, kama mimi siendi, na yeye asiende. Kisha akasimama mbele ya watu wanaompenda, akauvika wivu huo nguo za mfiwa, nao wakauinamia.

Akaliandika, sentensi nne. Akaweka jina lake chini.

Hakuthubutu kungoja Jumapili, alijijua, angeichana. Siku hiyohiyo alasiri, Sabato haijaisha, aliendesha mpaka Plymouth, kwenye bohari ambako Bravin alikuwa na zamu ya ziada ya kuziba pengo la mtu, akampigia simu atoke wakati wa mapumziko. Bravin akaja na fulana yake ya manjano, akaingia kwenye gari akisugua viganja.

"Kuna nini? Stacy yuko sawa?"

"Stacy yuko sawa. Soma hii. Usiniulize kitu mpaka umalize."

Alisoma polepole. Philister alitazama mbele, kwenye ukuta wa bohari usiokuwa na dirisha, akasikia karatasi ikigeuzwa, kisha ikirudishwa nyuma, kisha ikigeuzwa tena. Hita ilikuwa inanguruma. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa hata amejiandaa kwa kofi, ingawa Bravin hajawahi kumwinulia mtu mkono.

"Mama aliniulizia?" Bravin akasema.

Hilo hakuwa amelitarajia. Halikuwemo kwenye barua, maana bodi haikuwa na haja nalo. Angeweza kusema hapana, kwamba Mama hakuwa na nguvu ya kuongea. Na hakuna mtu duniani ambaye angemkanusha.

"Aliuliza," akasema. "Siku mbili kabla. Nesi alimshikia simu. Aliniuliza, Bravin ameambiwa nimezidiwa?"

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia umeambiwa. Nilimwambia uko njiani unakuja." Akajikaza, kwa sababu aliona kwamba kulia sasa kungekuwa kuomba kuhurumiwa. "Alifurahi. Alisema wakutandikie kitanda chako."

Bravin alikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akaitia ndani ya fulana, akafunga zipu mpaka shingoni. Kisha akafungua mlango, akashuka, akaufunga taratibu kama anavyofunga mtu asiyetaka kuamsha watoto. Philister alimwona akivuka maegesho bila kugeuka, akaingia kwenye lile bohari kumalizia zamu yake.

Wiki mbili baadaye Susan alimwita Saint Paul akasaini mbele ya mtu wa sheria. Susan alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na alizungumza kwa haraka. "Ya mzee inathibitisha, lakini barua yako ndiyo kesi yenyewe," akamwambia. "Bila hii, mdogo wako ni mtoro tu. Sasa inaonekana kwamba alifanya yote aliyopaswa kufanya, na watu wake ndio waliomwangusha." Alitaka kumsifu. Philister alisaini, akamshukuru, akaenda chooni, akanawa mikono mara mbili, akarudi kwenye gari.

Bravin hakupiga simu. Si mwezi ule, si uliofuata. Hakumtangaza kwa watu pia. Philister alitega sikio kanisani na hakusikia mnong'ono. Alichokiona ni kwamba kijana sasa aliketi kando ya Mzee Elkanah, safu ya tatu, na ibada ikiisha wawili hao walitembea pamoja mpaka kwenye magari, mzee ameshika mkono wa kijana kwa sababu ya barafu. Hata barafu ilipoyeyuka, aliendelea kuushika. Philister alifurahi kwa hilo na likamuuma kwa kiasi kilekile. Kesi yake mwenyewe ya uhamiaji ilikwisha mwaka 2015. Kwa miaka miwili alikuwa huru kwenda nyumbani wakati wowote, na hakwenda. Aliwaambia watu anamngojea Bravin, waende kwa Mama pamoja. Alikuwa amelisema mara nyingi mpaka lilikuwa tegemeo lake. Alikwisha kuichagua hata nguo ya safari.

Bodi ilijibu mwishoni mwa Oktoba. Bravin alikuja mwenyewe, Jumapili mchana, akabisha ingawa zamani hakuwa mtu wa kubisha. Akaweka karatasi mpya mezani. Philister aliisoma akiwa amesimama. Ilisema aliachishwa kwa heshima. Chini yake kulikuwa na kurasa za maelezo, na humo Philister alijikuta, si kwa jina, bali kama "dada wa mwombaji", mara sita, katika Kiingereza kikavu kisichomlaumu wala kumtetea. Dada wa mwombaji alijua. Dada wa mwombaji alikuwa na namba. Dada wa mwombaji alizuia.

"Hongera, mdogo wangu," akasema. "Hongera sana. Mungu ametenda."

"Asante. Susan anasema sasa naweza kusafiri." Bravin alikuwa bado hajakaa. "Naenda Desemba. Tarehe kumi na mbili."

"Nitaomba likizo kesho. Wana watu wa kutosha Desemba, hawawezi kuninyima, na Stacy shule zitakuwa karibu kufungwa—"

"Sista."

Philister akaiweka karatasi mezani.

"Niache niende peke yangu."

Alimwelewa mara moja. Alimwelewa kabla hajamaliza sentensi, lakini mdomo ulikuwa bado umeshikilia ile safari. "Hata kama ni ndege tofauti? Hata nikifika baada yako, wiki moja..."

"Hapana. Utaenda mwaka mwingine, ukipenda. Sikukatazi kwa Mama, siwezi kukukataza. Lakini mara hii nataka kufika pale mimi peke yangu, nikae naye bila wewe. Wewe ubaki."

Philister akashika ukingo wa meza. Kwa hiyo ilikuwa imefika: Bravin kaburini, yeye Brooklyn Park. Picha ileile aliyoikimbia asubuhi ile, mbele ya pasta, iliyomfanya amnyime ndugu yake mama yake. Ilikuwa imekuja hata hivyo, na safari hii hakukuwa na kikao cha kukiomba kimheshimu.

"Unanichukia," akasema.

"Mwanzoni, ndiyo. Sasa sijui." Bravin alifikiri, kwa namna yake ya polepole. "Ningekuwa nakuchukia ningeenda tu. Ungeona picha kwenye simu, kama mimi. Lakini nimekuja. Nimekuja kukuambia mwenyewe, macho kwa macho, kabla."

Ndipo Philister akalia, kwa mara ya kwanza mbele yake tangu Februari ile, akilia kwa sauti kama wanavyolia watu nyumbani. "Nenda," akawa anasema katikati ya kilio. "Nenda. Mwambie... hapana, usimwambie kitu. Nenda tu. Asante kwa kuniambia."

Bravin hakumshika. Alivuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza, akangoja mpaka alipomaliza.